Funga Mlango, Upepo Unaingia

Punta Arenas, kule Chile inakoishia, kuna upepo wa kubeba watu.
Ukivuma kwelikweli, hufungwa kamba kwenye pembe za barabara,
na watu wazima, na mikoba yao na heshima zao,
huzishika wakavuka, mmoja nyuma ya mwenzake.
Hakuna anayecheka. Hakuna anayeitwa mkaidi.

Ilinichukua miaka kumi na tisa ya ualimu
na mtoto mmoja wa darasa la pili
kuielewa ile kamba.

Rayén Oyarzo alikuja mwezi Machi, sweta kaligeuza ndani nje
ili mishono isimguse ngozi.
Faili lake lilisema usonji, neno moja, kisha muhuri.
Nikamwambia: Nitazame ninapokufundisha.
Akanitazama. Nusu dakika nzima alinitazama,
kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni,
na somo lote likamwagika sakafuni.
Kesho yake, kichwa kakiinamisha, kidole kikifuata mistari ya mbao,
alinirudishia somo la jana neno kwa neno;
hata kikohozi changu alikiweka mahali pake.

Basi nikaacha kudai macho.

Ya kengele sikuyajua hadi alipojificha chini ya sinki.
Ya taa, fundi Evaristo ndiye aliyeniambia:
"Mwalimu, ile ya pili inalia. Wewe huisikii, lakini inalia."
Aliibadilisha kwa dakika nne.
Dakika nne! Nami tangu Machi naandika daftarini:
hatulii, hatulii, hatulii.

Halafu ilikuwepo sentensi yake.
"Funga mlango, upepo unaingia."
Aliisema mlango umefungwa. Aliisema uwanjani, pasipo na mlango.
Aliisema kwenye hesabu za kutoa, na siku ya keki ya Baltazar,
watu ishirini na nane tukiimba na kupiga makofi.
Nami nikamsahihisha: Rayén, mlango umefungwa. Tazama.
Nikawa kama mtu anayekisahihisha king'ora sarufi.

Kumbe sentensi ilikuwa yangu.
Niliisema mwenyewe, siku yake ya kwanza,
karatasi ziliporuka na darasa zima likapiga mayowe,
na mlango ulipofungwa, pakawa shwari.
Yeye akayaokota maneno yale, akayatunza,
akayapa kazi: Yamenizidi. Irudisheni ile shwari.

Jioni hiyo nilinunua kamba ya kijani, mita sita, dukani kwa Mansilla,
nikaitandaza ukutani toka mlangoni hadi dirishani,
na vibanio vya nguo, na picha za siku nzima:
koti, kusoma, maziwa, hesabu, uwanja, rangi, koti, nyumbani.
Kinachokwisha anakibandua mwenyewe, anakitia kopo.
Na kadi moja ya mlango, ya mfukoni mwake.
Akiinyanyua, anakwenda kona ya makoti, haulizwi.
Na anarudi. Sikujua kwamba angerudi kila mara.

Baltazar, ambaye hana faili lolote,
naye huigusa kamba kila asubuhi kabla ya kuketi.

Sitadanganya: ziko siku kamba haitoshi.
Agosti aliniuma mkono, alama ninayo.
Mwenzangu mmoja anasema namdekeza,
kwamba dunia huko nje haina kamba.
Namwonyesha dirisha.

Jumanne iliyopita mkaguzi aliingia bila taarifa,
mrefu, mwenye harufu ya manukato,
nami sikuwa na picha ya mkaguzi.
Rayén alisimama mbele ya kamba kwa kitambo.
Mkono ulikwenda mfukoni, ukarudi mtupu.
Akachukua kadi nyeupe, isiyo na kitu,
akaibana kati ya maziwa na hesabu.
"Na hii," mkaguzi akaniuliza, "maana yake nini?"
Nikafungua mdomo na nadharia zangu zote.
Rayén akakijibu kifungo cha koti lake:
"Wewe."

Alipoondoka, akambandua, akamtia kopo.