Maji ya Mwisho

Shangazi Mzevinari alishusha kwanza mshumaa
kwa kamba ya katani, ukaingia ndani ya kvevri,
mtungi uliozikwa hadi shingoni
chini ya sakafu ya ghala la babu, huku Kakheti.
Ukizimika, haingii mtu: hewa ya humo huua bila kelele.
Haukuzimika.
"Basi shuka," akasema. "Mwembamba ni wewe."

Nikashuka, mabega yakikwaruza udongo,
miguu ikitafuta kitako cha mtungi.
Ikakuta baridi, na mashapo ya mwaka jana
yaliyonata kama uongo uliozoeleka.
Nilikuwa na majivu, ndoo,
na brashi ya maganda ya mcheri aliyoishona marehemu baba.
Juu yangu duara la mwanga, dogo kama sahani.
Keshokutwa zabibu zingekatwa.

Nikasugua.
Mtungi una tabia hii: haukai kimya.
Ukikohoa, nao unakohoa.
Nikasema, kupisha muda tu, "Bwana, nihurumie,"
nao ukanirudishia:
hurumie...
rumie...
mie.

Nikaacha kusugua.
Mie nani? Mie Ambrosi, msoma zaburi wa kanisani,
nifungaye Kwaresima hadi mkanda wangu ukaongezwa tundu.
Mie niliyesogeza jiwe la mpaka
usiku wa mvua, mwaka aliozikwa jirani yetu Tedore.
Mistari miwili ya mizabibu. Miwili tu,
na mjane wake Pelagia angali na kitambaa cheusi,
hana jicho la kuhesabu.

Miaka tisa namwungamia Padri Ilarioni vitu vya mezani:
nimeonja jibini siku ya mfungo,
nimemtukana punda, nimesinzia kwenye ibada.
Nilizipanga dhambi zangu
kama mchuuzi anavyopanga nyanya,
zenye kung'aa juu, zilizooza chini.
Naye, mzee wa watu, akanifunika stola kichwani
akafungua. Kumbe mlango alioufungua
haukuwa ule niliojifungia.

"Umelala humo?" Shangazi akaita.
"Kuna doa."
"Doa haliondoki kwa kutazamwa."

Nikasugua hadi vifundo vya vidole vikachubuka.
Maji ya kwanza yalitoka meusi,
ya pili rangi ya chai,
ya sita mekundu kidogo, kama macho yaliyokesha.
Sikuhesabu tena.

Nyumbani kwetu ipo sheria:
maji ya mwisho ya kusuuzia hunywewa na aliyesuuza.
Asipoyaweza, divai isilaumiwe.
Shangazi akachota kata akaniletea.
Yalikuwa safi; niliona hadi kitako cha kata.
Mkono ukakataa.
Mtungi, safi. Mnywaji je?

Nikachukua mtaimbo. Mchana kweupe,
maana usiku nilishautumia.
Jiwe lilikuwa limeota kuvu, limejifanya mwenyeji;
likang'oka kwa sauti ya jino.
Nilikuwa nalibingirisha, magoti yote udongo,
Pelagia alipotoka na unga mikononi.

"Ni mimi," nikasema. Maneno mengine yote
niliyoyatunga njiani yakanikimbia.

"Nilihesabu asubuhi ileile," akasema.
"Miaka tisa nawasha mshumaa nikiomba
mkono wako ukauke.
Haya. Umenipa na mimi la kwenda kuungama."
Akajifuta unga kwenye aproni.
"Na zabibu za miaka tisa?"

Sikuwa nimefikiria zabibu.
Mtu hutubu jiwe, akasahau lilichozaa.

Huu ni msimu wa nne nalipa.
Vuli nampelekea mitungi yake, anaipima mwenyewe,
hanikaribishi ndani, nami sidai.
Kisha narudi ghalani, nashuka na brashi ya baba,
nasema lile neno moja, nanyamaza,
nangoja mtungi unitaje.
Na maji ya mwisho siku hizi nayanywa,
ila polepole,
nikiyatazama kwanza.