Boriti ya Mlango wa Ghala

Kabla hujawasha, Tilen, shuka kwanza.
Lizunguke trekta kwa miguu, kama mtu anayenunua ng'ombe.
Kanyaga tairi kwa kisigino. Tikisa pini ya tela.
Kaza mnyororo mpaka magogo yaache kusemezana.

Ni dogo, ndiyo. Watu wa bondeni hulicheka.
Lakini huvuta mzigo lisioweza kuuzuia,
na hilo ndilo la kukumbuka.
Magogo manane, si kumi na mawili.
Naiona mvua nyuma ya Raduha, nami nina macho.
Acha inyeshe. Msonobari umesimama msituni miaka tisini,
hauoni taabu kungoja hadi Alhamisi.

Uzito ule mbele ya injini
aliumimina Ožbalt, zege ndani ya debe la maziwa.
Inama, utaona alama ya kiganja chake:
aliipiga saruji kabla haijakauka,
kama apigaye shavu la ndama.
Usiuondoe hata siku moja.
Bila huo pua huinuka,
na wewe unabaki unausukuma usukani hewani.

Gia ichague huku juu, penye usawa, karibu na kisima.
Ya kwanza, ile nzito.
Ukishaanza kuteremka, umeshachagua.
Klachi usiiguse. Ukiikanyaga
injini inayaachia magurudumu mkono,
na zile tani mbili nyuma yako
zinaijua njia ya mkato.
Teremka wima. Usiukate mlima kwa ubavu,
hata pale penye nyayo za ng'ombe.
Ng'ombe ana miguu minne yenye akili.
Mteremko huu hauna mswalie.

Sasa shika hapa.
Chuma hiki kilichopinda juu ya kiti ndicho kinga.
Zamani kilikuwa na bawaba, kikikunjwa,
kwa sababu mlango wa ghala ulikuwa mfupi.
Miaka kumi na saba Ožbalt alikikunja akiingia,
akakiinua akitoka. Mara nne kwa siku. Piga hesabu mwenyewe.
Mara moja hakukiinua.
Jumanne. Majani yalikuwa na umande
na supu ilikuwa mezani.

Wanasema ajali haina kinga.
Makaburini waliniambia hivyo, mmoja mmoja,
kofia mikononi.
Yetu ilikuwa nayo.
Ilikuwa imekunjwa.

Baada ya misa ya siku ya thelathini
nilipanda ngazi na msumeno wa injini.
Boriti ya juu ya mlango ilichongwa mwaka 1811,
jina la babu wa babu yake, na ua la petali sita.
Krištof alisimama uani akipiga kelele:
Neža, hicho ni kitu cha kale!
Nikamwambia, hata mume wangu
nilitaka awe kitu cha kale.

Vumbi lake lilinuka utomvu,
baada ya miaka mia mbili.
Hilo sikulitegemea.

Mlango sasa ni mrefu, mbaya, umezibwa kwa bati.
Theluji huingia. Iingie.
Bawaba nilizichomelea mwenyewe,
mshono umepinda kama wa mtoto anayejifunza sindano,
lakini haukunjiki.

Funga mkanda. Ndiyo, hata kwa mita mia.
Kinga bila mkanda hukutupa nje, kisha hukuangukia.
Nami nitatembea upande wa juu,
si kwamba sikuamini.
Ukisikia mluzi wangu, simama.
Usigeuke kunitafuta.

Unauliza boriti iko wapi?
Umeikalia asubuhi ukifunga viatu.
Hiyo ni nusu yenye tarehe.
Nusu yenye ua niliichoma Januari,
ikawaka siku mbili.

Haya. Washa.