Tani Thelathini na Sita

Joliet, Illinois, mwezi wa saba, saa nane mchana.
Daraja la kunyanyuka limenyanyuka
likapisha tishari la kokoto,
kisha likakataa kushuka.
Chuma kimevimba kwa joto, kama miguu ya mja mzito,
na zimamoto wamekuja na mipira yao,
wanalimwagia maji taratibu
mithili ya watu wanaoogesha ng'ombe.

Nazima injini. Nyuma yangu malori kumi na tisa,
nayahesabu kwenye kioo cha pembeni:
saladi, matairi, dawa za figo,
viatu vya wanafunzi ambao shule yao haijafunguliwa.
Harjot, kijana wa Kipunjabi, ananimiminia chai ya chupa,
anauliza nimebeba nini.
Boriti, namwambia. Boriti na bolti za daraja.
Daraja hili?
La. Lile la kule juu, kijito cha tatu,
lililobandikwa kibao: mwisho tani kumi na tano.
Mimi na chuma changu ni thelathini na sita.
Dawa haiwezi kumpita mgonjwa,
na fundi yuko ng'ambo.

Anacheka mpaka chai inamwagika.

Kwetu husemwa mzigo mzito mpe Mnyamwezi.
Shuleni Tabora nilicheka pamoja nao
hadi nilipouliza jina langu limetoka wapi.
Mihayo, baba wa babu wa babu,
alibeba frasila mbili toka Unyanyembe hadi pwani,
miezi mitatu,
bega likaota sugu gumu kama kwato.
Kila himaya walilipa hongo ndipo wapite:
shanga, kaniki, waya wa shaba.
Neno hilo lilikuwa safi wakati huo.
Lilikuwa risiti.

Leo kisanduku kwenye kioo cha mbele hulia tii
kila nipitapo chini ya lango la ushuru,
dola zikaondoka bila hata kuniaga.
Sijui ziendako.
Mashimo ni yaleyale, mengine nimeyapa majina.
Lililo kabla ya mizani naliita Shemeji,
kwa kuwa halikosi kunisalimu.

Na reli? Kivuko cha nyuma yetu kimezibwa tangu asubuhi.
Treni ya maili tatu imesimama, haina pa kujiweka;
njia ya kupishania ilijengwa kwa treni za enzi za makaa,
sasa ni fupi kama suruali ya mwaka juzi.
Mtoto mwenye begi la saksafoni
anapita chini ya behewa,
ameinama, mkono kichwani, upesi, kwa mazoea.
Nikashuka. Nikapiga kelele.
Hakusikia, au amezoea kelele za watu wazima.
Magurudumu yaliguna mara moja, yakanyamaza.
Alikuwa ameshatokea upande wa pili
anafuta vumbi kwenye begi.

Darlene wa ofisini anapiga simu.
Uko wapi? Palepale.
Utafika lini? Muulize daraja.
Anavuta pumzi; naye ana bosi, bosi ana mteja,
mteja ana karatasi yenye tarehe.

Mihayo alipokuta mto umefurika
aliutua mzigo, akakaa ukingoni, akachoma muhogo.
Hakuna aliyempigia simu.
Alijua mto hujaa, ukapwa.
Kutu haipwi.
Kutu ni mkopo waliokopa watu waliokwisha kuhama,
na wanaodaiwa ni sisi tulio kwenye foleni.

Saa kumi na moja kasoro daraja linashuka,
kwa kishindo kidogo tu, kama mzee anayekaa kitini.
Harjot ananipungia mkono, anakunja kulia.
Mimi kushoto: mzunguko wa maili arobaini na moja
kukifikia kijito ninachokiona kutoka hapa.
Bega langu linauma, la kushoto,
lile ambalo sijawahi kulibebesha kitu.

Mbele, mizani.
Namkwepa Shemeji, nashindwa.
Boriti zinalia nyuma yangu.