Kijifuko cha Kijani

Miaka kumi na tisa nanyonyoa kuku Kisutu,
na somo la kwanza halikuwa kunyonyoa.
Lilikuwa kutopasua.
"Kile kijifuko cha kijani, Tunu, kilichojibanza chini ya ini,
kishike kama yai lisilo na ganda.
Kikipasuka, mteja anakula shubiri
na wewe unalipa kuku."
Hivyo alinifunza marehemu Bi Shamsa.
Hakuniambia kwamba na mimi ninacho.

Kilijitambulisha chenyewe,
usiku wa harusi ya mwanawe Mwanjaa, Mburahati.
Pilau ilikuwa inang'aa.
Nilirudia sahani, kisha nikamalizia ukoko.
Saa nane usiku, chini ya mbavu za kulia,
mtu akaanza kukamua nguo nzito,
akakamua, asiachie,
maumivu yakapanda mgongoni hadi bega la kulia
kama vile nimebeba ndoo nisiyoiona.
Nililala juu ya saruji kutafuta ubaridi.
Nikatapika pilau, nikatapika maji, nikatapika hamna.
Alfajiri yakaondoka.
Hayakuaga.

Vikaanza vikao.
Mwanjaa: chango.
Mama mwenye nyumba: jicho, si ulivaa ile kanga mpya?
Kijana wa duka la dawa: vidonda vya tumbo, mama, elfu saba.
Mwaka mzima nikalamba dawa nyeupe kama chokaa,
na kila nilipogusa chipsi
yule mkamuaji akarudi kazini.

Dokta Nsajigwa ni binti mdogo, angeweza kuwa kitinda mimba wangu.
Akanipaka ute wa baridi, akasukuma kile kifaa, akanyamaza,
akanigeuzia kioo.
"Haya meupe, mama, ni mawe. Weusi ulio nyuma ni kivuli chao."
Kivuli.
Ndani yangu, pasipo jua.

Akanieleza, nami nikamsikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi:
ini linatengeneza nyongo usiku na mchana,
mfuko unaitunza, unaikoleza;
mafuta yakishuka, mfuko hujiminya
nyongo ikayavunjevunje, kama sabuni kwenye sufuria.
Lehemu ikizidi, nyongo inashindwa kuiyeyusha,
inaganda: vumbi, punje, kokoto.
Jiwe likitulia chini, unaweza kuzeeka nalo usijue.
Likikaa mlangoni, mfuko unasukuma mlango uliofungwa,
na ndiyo ile kazi ya saa nane.
Likiponyoka likaziba mrija mkubwa,
macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa chai ya rangi,
kongosho nalo linaweza kuwaka.
"Hapo usinisubirie Jumatatu," akasema. "Njoo usiku huohuo."

Nikauliza: kwa nini mimi?
Akataja umri, uzazi, uzito, damu ya ukoo.
Mama yangu alikufa macho ya manjano, Utete, mwaka wa mvua nyingi.
Tulisema karogwa.
Jirani yetu Bi Siwema tukamnunia
hadi naye akafa.

Siku ya upasuaji, kabla ya sindano ya usingizi,
nilimshika mpasuaji mkono, na glavu yake:
"Mwanangu, usikipasue."
Akacheka mpaka barakoa ikatikisika.
Matundu manne. Kilitoka kizima.

Mawe yako kwenye kichupa juu ya kabati, kumi na moja,
mjukuu anayatikisa kama kayamba.
Nyongo sasa inadondoka moja kwa moja kutoka inini, haina ghala.
Ukoko nauangalia tu.

Na pale Kisutu, kila kijifuko nikikitoa
nakibinya kidogo kwa kidole gumba, natafuta.
Sijapata hata punje.
Kuku hawa wanachinjwa wiki ya tano;
hawapewi muda wa kugandisha kitu.