Chenga

Runinga ya mama ni zile za mgongo mrefu.
Tangu mitambo ya zamani izimwe
haikushika stesheni hata moja, na mama hakuiuza.
Kila baada ya Isha aliiwasha, akajilaza mbele yake,
uso umejaa chenga, chumba kizima shshsh,
akisema: "Mvua isiyolowesha hii. Niachieni."

Arubaini ilipopita nikaibeba hadi kwa Shaame fundi, Jadida.
Nilitaka bei tu.
Mwanafunzi wake, Nassor, aliyemaliza skuli ya Utaani juzijuzi,
bisibisi mkononi, akaniambia:
"Bibie, usizidharau chenga.
Katika kila mia, moja hivi si kosa la mtambo.
Ni mwanga wa mwanzo.
Umetembea miaka bilioni kumi na tatu na ushei
ndo unafika hapa Wete, na hakuna aliyeufungulia mlango."

Nilicheka. Kisha sikucheka.

Umeme ulikuwa umekatika, tungefanya nini?
Akasema hapakuwa na pale.
Hata "hapo zamani" lilikuwa halijapata pa kusimama,
maana zamani yenyewe ilikuwa haijaanza.
Kila kitu, bahari hii, deni langu dukani kwa Mbarouk,
kilikuwa ndani ya kidogo kuliko tundu la sindano,
moto usio na kuni.

"Kikapasuka?"
"La. Kikaumuka.
Umepika mkate wa kumimina? Basi.
Kila tundu humwona jirani yake akienda zake,
na hakuna tundu lililo katikati."

Dakika tatu, chai haijachemka,
na mbegu ya maji ya mtungini kwangu ilishakuwepo.
Lakini mwanga ulikwama,
ukigonga huku, ukigonga kule,
kama mtu sokoni mkesha wa Idi na mtoto mgongoni,
miaka elfu mia tatu na themanini,
mpaka joto likapoa, umati ukaachana,
ukatoka.

Na kabla ya hapo, akasema, palikuwa na vita:
maada na kinyume chake, wakikutana hawabaki wote wawili.
Katika kila bilioni mmoja tu alikosa wa kufa naye.
"Huyo aliyebaki ndiye sisi."

Hapo nikamwona mama na ungo wake,
mpunga wa bondeni ukipaa na kurudi,
pumba kwa kuku, mchele mzima kwa mnunuzi,
na zile zilizovunjika, zisizouzika, chunguni kwetu.
"Chenga ndizo zilizokulea," hakuchoka kusema,
na mie nilikuwa naona haya.

Angekuwepo angemkata kauli kijana:
Mola alisema Kuwa.
Nassor hakubisha. "Mie nahesabu yaliyofuata tu."

Sikuiuza.
Usiku nikaiwasha, nikatafuta ile moja katika mia.
Zote zinafanana. Zote zina haraka.
Nikalala upande aliokuwa akilala yeye.

Umeme ukakatika tena.
Chenga zikajikunja kutoka pembeni,
zikawa mstari, zikawa nukta moja nyeupe
katikati ya kioo, ndogo kuliko tundu la sindano,
nami gizani, pumzi nimeishika,
nikaiambia, bila kujua naamuru nini:
Hebu ngoja.