Tumbo Moja

Jumamosi, Groningen, theluji imekuwa tope.
Wenzangu wamelala. Mimi nimekuja kulisha.
Seli hazijui wikendi: ukizichelewesha
maji yao ya waridi hugeuka manjano,
na hiyo ndiyo lugha yao pekee ya njaa.

Nafungua kabati la joto, nyuzi thelathini na saba,
joto la mtu mzima asiye na homa.
Natoa sahani. Kwenye kila kishimo, tone la ute,
na ndani ya ute, matumbo:
madogo kama punje za chumvi,
yamejaa vifundo kama tangawizi iliyong'olewa jana.

Yalianza na kinyama
alichokinyofoa daktari kwa koleo jembamba
mwisho wa mpira mrefu, mgonjwa akisinzia.
Tukazitafuta seli shina, zile zijifichazo mashimoni,
zisizochoka kuzaa.
Tukazipa pa kujishikiza, na sukari kidogo,
tukakaa kando. Hatukuzifundisha kitu.
Zenyewe zilijua: hapa ukuta, hapa shimo,
wewe fyonza, wewe toa kamasi.

Utumbo usio na mdomo wala njia ya haja.
Haujaonja kiazi. Haujawahi kunguruma
kanisani, watu wakiwa kimya.
Una ugonjwa, ila hauna pa kuumia.

Huu unaitwa 417. Jina ni marufuku;
limo kwenye faili, ghorofa ya tano, na ufunguo si wangu.
Lakini ulifika tarehe kumi na moja Novemba, saa nane mchana,
na siku hiyohiyo, saa sita,
kaka yangu Jelmer alilalia ubavu wa kushoto
katika jengo la pili.
Aliniambia dari lina madoa kumi na tisa.

Sijauliza. Kuuliza ni kuvunja kiapo.
Kutouliza kumenikaa hapa, penye chembe cha moyo.

Jelmer anajua kila choo kati ya stesheni na soko la samaki.
Anamjua muuza maua anayeitikia kwa kichwa tu,
na mwenye mkahawa anayetaka ununue kahawa kwanza,
naye kahawa humchana.
Alikuwa golikipa. Sasa ana kilo hamsini na moja.
Mama amejifunza kupika bila maganda, bila mbegu,
bila kumtazama anapokula.
Dawa tatu zimeshindwa.
Ya nne imo kwenye friji yangu, haijapewa jina,
ina namba tu, kama 417.

Jumatatu niliyatilia ule ujumbe
ambao mwili hujitumia ukijidhania adui.
Kuta zikalegea. Rangi ya kijani niliyoiweka nje
ikapenya ndani, kama mvua kwenye paa bovu.
Jumatano nikatia dawa.
Leo nahesabu.

Vishimo kumi na kimoja, kijani kimebaki nje.
Kumi na kimoja kati ya kumi na sita.
Nahesabu upya, naanzia kulia.
Kumi na kimoja.

Naandika kwa wino, mwandiko ukinipinda.
Sahani si mtu. Kati ya sahani na mtu
kuna miaka, kuna panya, kuna kamati
na makaratasi ya kujaza kabati zima.
Na huenda 417 ni mama fulani wa Assen
ambaye naye anahesabu vyoo.

Simu inatetemeka mfukoni mwa koti.
"Wietske," anasema Jelmer, "umekula?"
Yeye. Ananiuliza mimi.
"Bado. Kuna ninaowalisha kwanza."
"Akina nani?"

Tulitoka tumbo moja, mimi na yeye,
yeye akitangulia kwa dakika ishirini.
Natazama sahani. Maji yameanza kuwa manjano pembeni.

"Sijui," namwambia. "Ndugu wa mtu."