Sauti Haina Dereva

Kompyuta yangu iliamka bubu siku ya Jumanne,
Mabatini, mawe ya mlimani bado yana baridi ya usiku.
Kwenye kona ya kioo, kile kispika kidogo
kimepigwa msalaba mwekundu
kama hesabu ya mwanafunzi mzembe.

Nilikuwa na saa sita za maneno ya watu kuandika.
Nalipwa kwa dakika: sauti iingie sikioni, itokee vidoleni,
na mtafiti wa chuo, kule Nyegezi, anataka kazi Ijumaa.
Wanawake kumi na mmoja, wauza dagaa wa Igombe,
wamo humu ndani, midomo wazi,
mawimbi yao ya kijani yanapanda na kushuka kiooni
na hasikiki hata mmoja.

Nikafanya lile ambalo kila mtu huanza nalo:
nikazima, nikawasha.
Nikachomoa hedifoni, nikazipuliza, nikazichomeka.
Nikapandisha sauti hadi mia.
Mia ya kimya ni kimya kilekile.

Nikampigia Bundala, fundi wa Makoroboi.
Akasema huku anatafuna karanga:
"Dereva wa sauti kaondoka. Ilijisasisha usiku?"
Ilijisasisha. Mimi nimelala.
Mama, anachambua mchele mlangoni, akainua kichwa.
"Kwani sauti nayo ina dereva?"
Ina, mama.
"Na kaenda wapi?"

Swali hilo nilishinda nalo.
Kwenye orodha ya vifaa nikamkuta, jina lake lipo,
ubavuni alama ya mshangao, ya njano,
kama mtu aliyedaiwa mbele ya wakwe.
Nikamfuta. Akarudi, na mshangao wake.
Nikapakua mwingine, mega mia mbili na ushee;
bando likakata kwenye themanini na tisa kwa mia.
Nikashuka ngazi za mawe hadi kibandani kwa Sabato,
nikanunua vocha, nikapanda, goti linalalamika.
Goti angalau lilikuwa na sauti.

Dereva wa pili hakuitambua kadi.
Wa tatu alikuwa wa mashine nyingine kabisa,
nikamsakinisha hivyohivyo, kwa hasira,
kioo kizima kikageuka bluu
nikajifunza adabu.

Wanasema kimya kingi kina mshindo.
Nimekisikiliza hadi saa kumi alasiri: hakina.
Kina feni inayozunguka.
Kina nyundo ya jirani anayepasua mwamba
apate nafasi ya choo.
Kina mama, anayeuliza sasa kwa upole,
kama anaulizia mgonjwa:
"Bado hajarudi?"

Magharibi Bundala akatuma ujumbe wa mstari mmoja.
Usitafute mpya. Mrudishe wa zamani.
Na kitufe cha kumrudisha kilikuwepo siku zote,
mahali nilipopita mara saba.
Nikabonyeza. Una hakika? Ndiyo.
Sikuwa na hakika.
Ikazima. Ikakaa. Ikawaka.
Msalaba ukaondoka bila kuaga.

Nikafungua faili la saba.
Hayakutangulia maneno.
Ulitangulia upepo, unakwaruza kinasa sauti,
kisha dagaa wakavu wakimwagwa juu ya turubai,
mlio wa mvua isiyolowanisha kitu,
mtoto akafukuzwa, kuku akafuata.
Haya yote huwa nayaruka.
Kwenye karatasi naandika tu: kelele.

Halafu yeye, Nyanjige Luhende, miaka hamsini na minne,
akakohoa, akauliza,
"Hiki kidude kinanisikia?"

Nikajibu, peke yangu chumbani, kwa sauti:
kinakusikia.

"Karudi?" akauliza mama toka mlangoni.

Nikarudisha nyuma sekunde arobaini.
Nikafuta neno kelele.
Nikaandika: Upepo. Dagaa wanamwagwa.
Nikaendelea kusikiliza.